Biskuti za vidole zilizochoma jiko la Omong'ina Gesare

Saa moja asubuhi mjini Nyamira, ukungu ungali umelalia mabati ya soko, na Persis Moraa tayari ana unga hadi viwikoni. Mezani pake kuna keki iliyoanza kufanana na gambuti, kile kiatu kirefu cha mpira cha kukanyagia matope. Ni ya mtoto anayetimiza miaka mitano ambaye, kwa mujibu wa mamake, hataki kuvaa kiatu kingine hata kanisani.

Simu ya Persis imeegemezwa kwenye mkebe wa hamira. Kwenye kioo chake mzee wa nchi ya mbali anapuliza karoti aliyoitoboa matundu, na karoti inalia kama zumari.

"Sikiza huyo," anasema Persis bila kuacha kukanda. "Akimaliza wimbo ataitafuna. Ngoja uone."

Wanawake wawili wanaouza ndizi kando ya kibanda chake wanachungulia dirishani. "Mama Abigael, leo umetuokotea nini?" anauliza mmoja. Persis anawageuzia simu. Mzee anamaliza wimbo, anainama kwa heshima, kisha anaitafuna karoti yake. Wanawake wanacheka, wanarudi kwenye ndizi zao.

Keki ikiwa tayari kupambwa, Persis anafuta mikono, anaigeuza simu na kuanza kujirekodi. Hasemi lolote kuhusu gambuti. Kwanza anaonyesha uso wake. Kisha anauonyesha unga, mayai, sukari na rangi, kimoja baada ya kingine. "Bwakire buya, habari za asubuhi. Mimi ni Persis, niko Nyamira. Huu ni unga wa ngano. Hii ni rangi ya chakula, nimeinunua dukani. Kitu nitatengeneza sasa ni keki, na inaliwa."

Hakuna picha wala video inayotoka katika kibanda hiki bila maneno hayo. Wateja wapya hudhani ni adabu zake.

"Si adabu," anasema. "Ni woga."

Persis, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Ogembo katika familia ya wachuma chai. Aliolewa Sironga na Duncan, kijana wa pekee wa Bi Gesare Kerubo, ambaye majirani wote humwita Omong'ina, jina la heshima kwa mama mzee. Duncan alifariki kwa ugonjwa wa figo binti yao Abigael akiwa bado mchanga. Jamaa kadhaa walimshauri Persis arudi kwao.

"Mkwe wangu aliwaambia kuwa ameshazika mtoto mmoja, hawezi kuzika na wa pili akiwa hai," anakumbuka. "Maneno yaliishia hapo. Nikabaki."

Walichuma chai pamoja, wanawake hao wawili, mmoja akiwa na mtoto mgongoni na mwingine akiwa na maumivu ya magoti. Mwaka mmoja bonasi ya chai ilipotoka, Omong'ina Gesare alimnunulia mkwewe simu yenye kioo kikubwa. Hakujua kuitumia na hakutaka kujua. Alisema tu kwamba msichana huyo alikuwa amenyamaza muda mrefu mno tangu msiba, na labda kile kitu kingemchekesha.

Kilimchekesha kweli. Persis aligundua kwamba dunia imejaa watu wanaofanya mambo ya ajabu bila sababu yoyote: kwaya inayoimba kwa kugonga masufuria, bibi aliyewafumia kuku wake sweta, mtu anayeoka mkate wenye umbo la kobe. Alianza kwa kutazama. Halafu akataka kujaribu.

Keki yake ya kwanza aliioka ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya mchanga moto, mkaa ukiwa chini na mwingine juu ya kifuniko. Kuku waliidonoa mara moja wakaenda zao. Aliendelea kujaribu hadi kanisa likaanza kumwagiza keki za harusi, na hatimaye akakodi kibanda mjini na kununua jiko la gesi la kuokea. Leo kazi hiyo ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba na karo ya Abigael, aliye shule ya upili.

Hata baada ya kuhamia mjini, kila Ijumaa alasiri alirudi Sironga. Familia hii ni ya Waadventista, na siku ya Sabato moto haukokwi jikoni kwa Omong'ina. Hivyo Persis alimpelekea mkwewe kitu cha kula na chai ya chupa, kisha wakakaa kizingitini kabla jua halijazama, na Persis akamwonyesha vioja vya wiki hiyo.

"Mimi Kiswahili chenyewe kinanipiga chenga, sembuse hayo ya Wazungu," anasema Omong'ina Gesare kwa Ekegusii, mkwewe akitafsiri. Hajui mwaka aliozaliwa, ila amepita themanini. "Lakini kucheka hakuhitaji lugha. Kuna paka mmoja alivaa miwani. Nilimcheka mpaka nikashika mbavu."

Mambo yaliharibika Oktoba mwaka juzi.

Mwalimu mmoja wa shule ya kibinafsi mjini Kisii, Bi Valentine Anyona, alimpigia Persis simu. Chama cha Kiingereza cha wanafunzi wake kilikuwa kimepanga tafrija ya Halowini, ile sherehe ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto wa ng'ambo huvaa kama mizimu na kugawiwa vitu vitamu. Watoto walikuwa wamejikatia vinyago vya maboksi. Kilichokosekana ni vitafunio. Mwalimu alimtumia Persis video ya biskuti zilizotengenezwa kwa umbo la vidole vya mtu.

"Nilimuuliza, mwalimu, wazazi wanajua?" anasema Persis. "Akaniambia, wanajua Mama Abigael, tumewaandikia. Ni mchezo. Watoto wenyewe ndio wameiona mtandaoni wakanisumbua."

Alizioka. Video ilisema kucha zitengenezwe kwa lozi, ambazo Persis hakuwa nazo, kwa hiyo akapasua njugu katikati na kubandika nusunusu kwenye ncha. Kwa kisu alichora mikunjo ya viungo. Pale kidole kilipokatikia, akapaka jemu nyekundu. Anakiri kwamba alipozipanga kwenye sinia alirudi nyuma hatua moja.

"Zilitoka vizuri kupita kiasi," anasema.

Shuleni zilikwisha kabla sinia halijatuliwa vizuri. Bi Valentine anasema watoto walizitafuna wakipiga kelele za kuogopa na kuomba nyingine. "Ilikuwa siku yetu ya furaha kuliko zote muhula huo," anasema. "Sikuwahi kufikiria kwamba kitu tulichochekea hapa kingefika mahali pengine kikiwa kimegeuka."

Chache zilizokuwa na nyufa Persis hakuzipeleka shuleni. Alizitia katika mkebe na, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, akampelekea mkwewe.

Omong'ina alifungua mkebe, akatazama ndani, akauliza kwa uso mkavu, "Huyu alikuwa mtu wa wapi?" Kisha akacheka hadi machozi. Persis alipoondoka kuiwahi Sabato, alimwacha akichovya kidole kimoja ndani ya chai.

Jioni hiyo jirani yake, Bi Roselyne Bosibori, alipita kuomba chumvi. Omong'ina, akiwa bado na kicheko chake, alimsukumia sahani. "Karibu nyama," akamwambia. Roselyne alipiga yowe, akagusa, akaonja, na wote wawili wakacheka. Ndipo Roselyne alipotoa simu yake na kupiga picha: sahani ya bati, vidole vitatu, kimoja kikiwa kimeng'atwa nusu, na nyuma yake mkono wa mama mzee wenye mishipa.

Aliituma kwa kikundi cha akina mama wanaochanga pesa pamoja. Aliandika, "Njooni mwone Omong'ina anakula nini leo," akaweka nyuso za kucheka.

"Wale wa kikundi walicheka," anasema Roselyne. "Walijua Mama Abigael ni mwokaji. Lakini mmoja akamtumia mtu wa kwao, na huyo akatumia mwingine. Kule ilikofika ilikuwa ni picha tu. Maneno yangu yalikuwa yameachwa nyuma. Zile nyuso za kucheka zilikuwa zimeachwa nyuma."

Jumamosi, watu walipotoka kanisani, picha ilikuwa imefika Sironga kutoka upande mwingine, ikiwa na maneno mapya. Sasa ilisema kwamba ajuza mmoja amepatikana akila vidole vya maiti.

Katika vijiji hivi kuna neno moja ambalo watu huogopa kulitamka mchana: omorogi, mchawi. Likishamwangukia mtu, hasa mwanamke mzee anayeishi peke yake, huwa haliulizi ushahidi. Wazee wanakumbuka nyumba zilizochomwa pamoja na watu waliokuwa ndani.

Na Sironga kulikuwa na msiba. Wiki chache kabla, mkulima anayeitwa Nyangau Ratemo, ambaye shamba lake la chai linapakana na la Omong'ina, alikuwa amemzika mwanawe Omwenga, mwenye umri wa miaka tisa. Mtoto alilalamika kuumwa kichwa siku moja, akapoteza fahamu siku ya pili, na hakuamka tena. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo.

Picha ilimfikia Nyangau Jumamosi jioni. Aliitambua sahani ile ya bati. Mwanawe alikuwa amewahi kulia chakula katika sahani hiyo.

Mwandishi wa makala haya alimkuta Nyangau akichuma chai, kikapu mgongoni. Hakukataa kuzungumza, ila hakuacha kuchuma.

"Ukiambiwa mtoto amekufa na homa, hiyo ni maneno ya daktari," alisema. "Haina uso. Huwezi kuishika shati. Mimi nilikuwa nataka uso. Halafu picha ikakuja kwa simu."

Mikono yake iliendelea kukimbia juu ya majani.

"Sikulala. Asubuhi nilienda kwa watu nikawaonyesha. Sikuwalazimisha. Hata hawakutaka kulazimishwa."

Jumapili asubuhi Persis alikuwa kibandani mwake akipaka krimu keki ya mahafali simu ilipolia. Ilikuwa Roselyne, akinong'ona.

"Mama Abigael, kuja. Watu wamejaa hapa kwa Omong'ina. Wanasema zile vidole ni za mtoto wa Nyangau. Kuja saa hii."

Persis anasema kwanza aliitazama keki, kana kwamba jambo la muhimu lilikuwa kuimalizia. Kisha miguu ikapata akili kabla ya kichwa. Alipiga simu kwa naibu wa chifu, ambaye alisema alikuwa mbali na angekuja na polisi haraka awezavyo. Alimwita mwendesha bodaboda anayeegesha karibu. Alipokuwa tayari amepanda, akashuka tena.

"Niliwaza, nikifika na mdomo tu, nani atanisikiza? Mdomo ni wa kila mtu," anasema. "Nikarudi ndani. Nikachukua unga, siagi, sukari, njugu, na ile jemu. Nikachukua na sufuria. Jirani aliniuliza kama nimerukwa na akili."

Moshi aliuona kabla hajafika. Jiko la Omong'ina, kibanda cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi kando ya nyumba, lilikuwa limeshika moto. Paa lilikuwa limeanguka ndani. Umati ulikuwa umesimama kati ya jiko na nyumba, wanaume kwa wanawake, wengi wao watu waliokuwa wamekula keki yake katika harusi za watoto wao. Mlangoni pa nyumba alisimama Roselyne, mikono yake ikiwa imeshika miimo ya mlango huku na huku. Nyuma yake, kwenye giza la chumba, Omong'ina alikuwa ameketi juu ya kiti chake, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, kama anayesubiri wageni.

"Nilikuwa nimevaa nguo nzuri," anasema Omong'ina mwenyewe. "Nilisema wakinitoa, wanitoe nikiwa nimevaa nguo nzuri."

Mtu mmoja alipiga kelele kwamba hata mkaza mwana amefika, wote wapo sasa. Persis anasema sauti hiyo aliijua ni ya nani, na hatawahi kuitaja. Alipita katikati yao. Aliomba meza kwa Roselyne, na Roselyne akaiburuta nje akiwa bado ameziba mlango kwa mgongo wake.

Kisha, mbele ya umati huo, Persis alianza kupima unga.

"Nilipima kikombe kimoja kimoja ili waone," anasema. "Nikawaambia kwa sauti, kwa Ekegusii: mnasema ni vidole vya mtu. Mimi ndiye nilivitengeneza. Nitavitengeneza tena hapa. Mkiona nimetia mtu ndani yake, mniunguze mimi kwanza."

Alichanganya siagi na sukari. Alikanda. Alipoanza kuviringisha donge la kwanza, watu wa nyuma walisogea ili waone. Alichora mikunjo kwa kisu. Alipasua njugu kwa meno, kwa sababu kisu kilikuwa kinateleza kwenye mikono yake, akabandika kucha. Mwanamke mmoja mbele alisema polepole, kama anayejiambia, "Ni njugu."

Ulipofika wakati wa kuoka, Persis aligundua kuwa hakubeba mkaa. Akatazama huku na huku. Halafu akachukua koleo, akaenda kwenye jiko lililokuwa likiungua, akachota makaa yaliyokuwa nguzo za paa la mkwewe, akayamwaga chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko.

Roselyne anasema ni wakati huo ndipo baadhi ya watu walipoanza kutazama chini.

Biskuti haziharakishwi. Walisimama pale wakisubiri, watu waliokuwa wamekuja kuua na watu waliokuwa wamekuja kutazama, na harufu ya siagi na sukari ikaanza kupanda juu ya harufu ya nyasi zilizoungua. Wachache waliondoka kimyakimya kupitia upande wa shamba la chai. Waliobaki hawakuwa na la kufanya na mikono yao. Mmoja aliketi juu ya jiwe. Mwingine alitupa fimbo aliyokuwa ameishika, kisha akaona aibu kuiokota.

Persis alifunua sufuria. Akapaka jemu. Akaziweka kwenye sahani ileile ya bati, akachukua moja na kuitafuna mbele yao. Akamtolea mkwewe mlangoni, naye akaitafuna.

"Hii ya leo haina chumvi," Omong'ina alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hakuna aliyecheka. Persis aliizungusha sahani kwa waliokuwa mbele, na kila aliyefikiwa alirudi nyuma. Alipofika kwa Nyangau, alisimama. Anasema hakujua amwambie nini mtu aliyemzika mtoto. Alimnyooshea sahani.

Nyangau aliitazama muda mrefu. Alichukua biskuti moja, akaipindua, akagusa njugu kwa kidole gumba mpaka ikabanduka. Akaivunja katikati na kuona ndani yake unga mtupu, mweupe. Akaitia mdomoni.

"Ilikuwa tamu," aliniambia kule shambani, na hapo ndipo mikono yake ilipoacha kuchuma. "Ilikuwa tamu tu. Omwenga angeipenda hii. Angeiogopa kwanza, halafu aipende. Hiyo ndiyo kitu nilifikiria. Halafu nikakaa chini."

Aliketi chini katikati ya boma na kulia kwa sauti, kilio ambacho, kwa maelezo ya Roselyne, hakuwa amekilia hata siku ya mazishi. Watu wakaanza kutawanyika. Naibu wa chifu na polisi walipofika, walimkuta Nyangau ameketi palepale, Persis amechuchumaa kando yake, na jiko likitoa moshi mwembamba.

Polisi waliandika maelezo. Waliuliza nani aliwasha moto. Omong'ina Gesare alisema macho yake hayaoni mbali. Siku walipotuma mtu kumuuliza tena, alisema vivyo hivyo.

Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua njia.

"Nikiwataja wote, nani atanibeba siku nikifa?" alisema. "Ni hao hao."

Kwa miezi kadhaa aliishi mjini kwa Persis, katika chumba kimoja pamoja na mjukuu wake. Hakuzoea. Alisema mjini hakuna mtu anayemjua wa kumwogopa wala wa kumsalimu. Akaomba kurudi.

Aliporudi alikuta jiko jipya. Nyangau alikuwa amelijenga kwa mabati na mawe, bila kumwambia mtu, katika siku alizopaswa kuwa anachuma chai yake. Asubuhi kadhaa kila wiki humletea maziwa, huyaacha kizingitini, na siku nyingine huketi kidogo.

Je, amemsamehe?

"Nimemsamehe. Nilimsamehe alipolia," anasema Omong'ina. "Lakini mlango naufunga kwa kufuli mbili. Kusamehe ni kwa Nyangau. Kufuli ni kwa wengine."

Kwa Persis, majeraha yalikuwa ya namna nyingine. Baadhi ya waumini walimtaka aache kabisa kile walichokiita mizaha ya shetani. Mzee mmoja wa kanisa alimtembelea na kumwambia kwamba asingeleta mambo ya watu wa mbali, ya karibu yasingetokea. Maagizo ya keki za harusi yalipungua kwa muda mrefu. Kuna siku aliifuta kila video aliyokuwa ameihifadhi, akaifungia simu ndani ya sanduku la nguo.

"Nilijiuliza kama kosa ni langu. Bado najiuliza," anasema. "Lakini mtu wa karoti amemkosea nani? Yule paka amemkosea nani? Kulikuwa na mtoto amekufa na watu hawakuwa na mahali pa kuweka uchungu. Ingekuwa si biskuti, wangepata kitu kingine. Bundi. Shuka jekundu kwenye kamba. Mkwe wangu angekuwa mzee vilevile na peke yake vilevile."

Ni Omong'ina aliyemrudisha kwenye vioja vyake. Ijumaa moja Persis alifika na mkate wa kawaida, wa mraba, akauweka mezani na kuketi. Mama mzee aliutazama ule mkate, akamtazama mkwewe, akamuuliza kama simu imekufa.

Siku hizi wanawake wa Sironga hukusanyika Jumapili katika lile jiko la mabati, na Persis huwafundisha kuoka kwa sufuria na mchanga. Huwafundisha pia keki ya ndizi, kwa kuwa ndizi haziwakosi. Roselyne hachelewi kufika. Amejiondoa katika vikundi vyote vya simu isipokuwa kimoja, cha familia yake, na huko pia, anasema, hatumi picha. Wengine waliokuwa katika umati wa siku ile nao huja. Hukanda unga bega kwa bega na mwenye jiko, na hakuna anayeuliza jiko la kwanza lilikwenda wapi.

Mwaka huu Bi Valentine alimpigia Persis tena kuhusu Halowini, akiwa na haya kwenye sauti. Persis alikubali, kwa sharti kwamba ataoka mbele ya watoto na wazazi wao, katika uwanja wa shule, na kila mmoja atabandika kucha kwa mkono wake. Vidole vilivyobaki, kama vitabaki, havitasafiri.

Hata hivyo, agizo linalomsumbua zaidi sasa si la shule. Limetoka kwa mkwewe.

Omong'ina aliona kwenye simu keki yenye umbo la farasi, akaamuru aokewe ya ng'ombe. Si ng'ombe yeyote. Anamtaka yule mweusi mwenye nundu aliyeongoza ng'ombe wa mahari yake, ambaye bado anamkumbuka kwa jina na kwa namna alivyokuwa akigeuza shingo. Anataka aokwe Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kutoka mijini, na kijiji kizima kialikwe, wa juu na wa chini ya barabara.

Persis ameshajaribu. Nundu inaanguka kila mara, na miguu haiwezi kubeba mwili. Ameamua kwamba ng'ombe atalala chini, kama anayecheua, na nundu itashikiliwa na vijiti. Nyangau ameahidi maziwa ya siku hiyo. Abigael ataandika majina ya waalikwa, na bibi yake amemwonya asimsahau mtu hata mmoja.

Namuuliza Omong'ina sherehe hiyo ni ya nini, maana siku yake ya kuzaliwa hakuna aijuaye. Anaishusha miguu yake juani, anavuta kitambaa chake mbele, na kujibu taratibu, mkwewe akisubiri amalize ndipo atafsiri.

"Nikifa watakuja wote. Watalia na watakula, sitawaona," anasema. "Nataka waje nikiwa nimeketi hapa hapa. Nitamkata ng'ombe mimi mwenyewe, nimpe kila mtu kipande mkononi, nimtazame machoni. Nataka nijue nani anaweza kula kwangu."

Persis anamaliza kutafsiri. Kisha anainuka, anaenda jikoni kupima unga wa nundu nyingine.